Santuri Moja, Nyumba Mbili na Fundi Aliyechoka Kusuluhisha

Ni saa tatu asubuhi, na ubao mmoja wa dirisha la karakana bado haujafunguliwa. Mama Sindano amesimama mlangoni akipokea santuri iliyofungwa kwa taulo lililolowa. Anaifunua, anaishika kingoni kwa viganja, anainyanyua kuelekea kwenye mwanga na kuitazama kwa ubavu. Imepinda. Upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka, kama sahani ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko.

"Umeifanya nini?"

"Nimeiosha," anajibu mteja, mwanamume wa makamo anayeuza viatu mtaa wa pili. "Ilikuwa imejaa vumbi."

"Kwa maji gani?"

"Ya moto. Si ndiyo yanayotoa uchafu?"

Mama Sindano anafumba macho kidogo, kisha anayafumbua. Anaingia ndani, anailaza santuri kati ya vioo viwili vinene, anaweka juu yake pasi kuukuu ya mkaa isiyo na moto, halafu anarudi mlangoni.

"Iache hapa. Sijaahidi kitu. Na hilo taulo lako ondoka nalo, linanitia hasira."

Mteja anaondoka na taulo lake. Mwandishi anapomuuliza kama wateja wa aina hiyo ni wengi, fundi huyu anacheka kwa pua.

"Yule ni mstaarabu, ameleta santuri nzima. Wapo wanaoleta nusu, halafu wananiuliza mimi nusu nyingine imekwenda wapi."

Mama Sindano ana miaka hamsini na minane. Jina hilo alipewa na majirani zamani, alipokuwa fundi wa cherehani tu. Alipoanza kushughulika na gramafoni hakukuwa na haja ya kulibadilisha, maana na huko mkate unatoka kwenye sindano vilevile.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na mumewe. Kushoto zimepangwa cherehani zinazosubiri matengenezo, nyingine bila gurudumu, nyingine bila mkanda. Kulia kuna meza ndefu yenye gramafoni tatu, moja ikiwa na ile pembe kubwa ya bati ambayo watoto wa mtaani huja kuingiza vichwa ndani yake na kupiga kelele. Nyuma ya meza, rafu zimepanda hadi darini. Zimebeba santuri zaidi ya mia sita, zote zimesimama wima kama vitabu.

Kwa msomaji aliyezaliwa na kukuta muziki umeshaingia kwenye simu, maelezo kidogo yanahitajika. Gramafoni za Mama Sindano hazitumii umeme. Unazungusha hendeli, springi iliyo ndani inajikaza, na inapojilegeza ndiyo inayoizungusha santuri. Sindano ya chuma inapita kwenye mistari myembamba, na sauti inatokea kwenye pembe.

Santuri zenyewe si zile nyepesi za plastiki zilizokuja baadaye. Hizi zimetengenezwa kwa lakiri, aina ya utomvu mgumu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito. Zikianguka zinavunjika, zikipata joto zinapinda, na kila zinapopigwa ile sindano inazikwangua kidogo.

"Hapo ndipo watu wananichosha," anasema. "Ukiisikiliza, unaila. Ukiifungia kabatini, inaliwa na ukungu. Sasa wewe mwandishi niambie, nifanye nini?"

Jibu lake mwenyewe ni kunakili. Santuri ikifika, anaisafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, anaikausha, anafunga sindano mpya, kisha anaipiga mara moja huku kinasa sauti kikiwa mbele ya pembe. Anayetaka kuusikia wimbo kila siku anapewa nakala kwenye simu yake. Santuri inapumzika.

Kazi hii aliingia kwa bahati. Miaka kumi na tisa iliyopita mwanamke mmoja alimletea sanduku lenye hendeli akidhani ni cherehani ya mkono ya marehemu shangazi yake. Mama Sindano alilifungua, akakuta springi imeganda kwenye grisi iliyogeuka kuwa kama lami. Aliisafisha kwa mafuta ya taa, akaifunga upya, akaweka santuri iliyokuwa kwenye mfuko wa kifuniko.

"Ikaanza kuimba. Sauti ya mwanamume, gitaa, mambo ya kawaida. Halafu katikati ya wimbo, mtu mmoja akakohoa. Kule kule walikokuwa wakirekodi, mtu kakohoa na wenzake wakaendelea tu. Nikarudia. Akakohoa tena. Nikamwita mume wangu, nikamwambia, njoo umsikie mtu anakohoa."

Mumewe, dereva mstaafu wa malori, anakumbuka siku hiyo vizuri. "Nilikuja mbio nikidhani kuna mgonjwa."

"Mtu yule huenda alishazikwa kabla sijazaliwa," anaendelea mkewe. "Wimbo unaweza kuimbwa tena na mwingine. Kile kikohozi, nani atakikohoa tena?"

Tangu hapo amekuwa akizikusanya. Watu huzitoa kwenye madari na kwenye mabanda ya kuku. Amewahi kukuta moja inafunika mtungi wa maji, na nyingine ukutani ikiwa imetobolewa na kufanywa saa. Kipato bado kinatoka kwenye cherehani. Kwa hesabu yake mwenyewe, kila cherehani kumi anazotengeneza ndizo zinazoilisha gramafoni moja, kwa springi, kwa sindano na kwa mbao za rafu.

Rafu zilipojaa, santuri zilihamia chumbani. Sasa zimepangwa chini ya kitanda na kando yake, wima, kwa sababu zikilazwa zinapinda.

"Santuri zinasimama zimejinyoosha," analalamika mumewe, "mimi ndiye ninayelala nimejikunja."

"Wewe hukunjiki kwa ajili ya santuri, unakunjika kwa ajili ya tumbo," anajibiwa kutoka karakana.

Lakini ukimuuliza Mama Sindano ni kitu gani kimemkera kuliko vyote katika kazi hii, hatataja maji ya moto wala kuku. Anainuka, anachukua santuri moja kwenye rafu ya juu kabisa, anaiweka mezani bila kuitoa kwenye bahasha yake ya karatasi, na kuigonga kwa kidole.

"Hii. Hii na wenyewe."

Mwimbaji wa santuri hiyo alikuwa mpiga kodiani aliyekuwa na wake wawili katika uwanja mmoja, nyumba zikitazamana. Alirekodi mara moja tu maishani mwake. Upande mmoja wa santuri alimwimbia mke mkubwa. Upande wa pili akamwimbia mke mdogo. Nakala nyingine ziliuzwa na kupotea, ikabaki moja nyumbani. Mzee alipofariki, na wake zake wakafuatia baadaye, watoto waligawana viti, vyombo na kodiani iliyotoboka. Santuri haikugawanyika.

Waliobaki kuigombania ni wawili. Mmoja ni binti wa mke mkubwa, mpishi katika shule ya bweni, mwanamke aliyekwisha kupata wajukuu. Mwingine ni mtoto wa mke mdogo, kinyozi, aliyempita dada yake huyo kwa urefu lakini si kwa maneno. Walikuwa hawajasalimiana tangu msiba wa mwisho. Binamu yao ndiye aliyetoa wazo kwamba santuri iwekwe kwa fundi, mahali pasipo pa yeyote, na kila mmoja aende kuisikiliza kwa siku yake.

"Nikakubali," anasema Mama Sindano. "Nilikuwa na akili gani siku hiyo, sijui."

Siku ya kwanza walikuja wote wawili, wakakaa kwenye mabenchi tofauti, wakaongea na fundi kana kwamba mwenzao ni ukuta. Mama Sindano aliwaambia jambo la kwanza ni kuinakili, pande zote mbili, kila mtu apewe yake, na yaishe.

Mpishi alikataa. Alisema nakala ikiingia kwenye simu ya kinyozi, itapigwa kinyozini kuanzia asubuhi hadi jioni, na mji mzima utasikia sifa za yule mwanamke wakati mama yake ananyimwa heshima. Kinyozi naye akakataa. Alisema ikiingia kwenye simu ya mpishi, upande wa mama yake utafutwa na kubaki wa mama mkubwa peke yake.

"Hicho ndicho kitu pekee walichowahi kukubaliana," anasema fundi. "Wote wawili, kwa sauti moja: hakuna kunakili. Nikawaambia, jamani, kitu hiki kinavunjika. Wakanitazama kama nimewatukana."

Ikawa hivyo. Kinyozi alikuja Jumanne, siku yake ya mapumziko. Mpishi alikuja Jumamosi baada ya kugawa chakula cha mchana. Kila mmoja alitaka upande wake tu, na kila mmoja alikaa akisikiliza kwa makini kama upande wake umechakaa kuliko wiki iliyopita.

"Fundi, hapa panakwaruza. Jumamosi iliyopita hapakuwa hivi," mpishi alikuwa akisema.

"Pamekwaruza kwa sababu unaipiga kila Jumamosi."

"Mimi naipiga mara moja. Yeye unampigia mara ngapi?"

Jumanne, maneno yale yale kutoka kwa kinyozi. "Dada anakuhonga nini, fundi? Mbona upande wake unang'aa?"

Mama Sindano anasema ilifika mahali akisikia hodi siku ya Jumamosi, anaingia chini ya cherehani kujifanya anatafuta skrubu. Mumewe alikuwa akitumwa kusema kwamba mama hayupo, na mpishi alikuwa akijibu kwamba anaiona miguu yake.

Siku moja alimuuliza mpishi kwa hasira, kwani upande ule wa pili umemkosea nini, si wimbo tu? Mpishi aliweka mkoba chini.

"Upande wa mama yangu, baba anaimba nini?" aliuliza.

"Anaimba mikono yake."

"Mikono yake. Inapanda, inafua, inabeba kuni. Kazi. Na upande ule anaimba nini?"

Fundi akajifanya anakaza sindano.

"Kicheko chake," mpishi alijibu mwenyewe. "Mama yangu kasifiwa kazi, mwenzake kasifiwa kucheka. Wewe mwanamke mwenzangu, ungependa uimbiwe upi?"

"Nilizungusha hendeli," anakiri Mama Sindano. "Siku hiyo nilimpigia mara mbili."

Mambo yaliharibika miezi minne iliyopita, siku ya Jumanne, mchana kweupe.

Kinyozi alifika na begi lake la kazi. Fundi alimtolea santuri, akaiweka juu ya meza, akawa anafunga sindano mpya. Mshonaji mmoja akasimamisha mkokoteni nje na kuita, amekuja na cherehani nzito na hana wa kumsaidia kuishusha. Mama Sindano akatoka. Anakadiria alikaa nje muda wa kushusha cherehani na kubishana na mshonaji kuhusu mafuta aliyotia ndani yake, ambayo yalikuwa ya kupikia.

Alipoingia tena, chumba kilikuwa kinanuka spiriti.

"Nikajua. Sijaona kitu bado, lakini harufu ile nikajua."

Kinyozi alikuwa ameinama juu ya meza, chupa ya spiriti anayofutia wembe ikiwa wazi pembeni. Mkononi alikuwa na pamba. Alikuwa ameanzia katikati, karibu na karatasi ya jina, akizungusha pamba taratibu kuelekea nje, na alishafika nusu ya upande wa mama yake. Aliinua uso wenye furaha.

"Fundi, njoo uone! Angalia uchafu uliokuwemo humu. Ndiyo maana ilikuwa inakwaruza!"

Pamba ilikuwa nyeusi tititi.

Lakiri haiwezani na spiriti. Maseremala wa zamani waliiyeyusha kwa spiriti hiyohiyo ili wapake samani. Pale alipopitisha pamba, mistari ya santuri ilikuwa imelainika na kujifuta, na mng'ao wake umekufa kama macho ya samaki.

"Nilipiga kelele mpaka mshonaji akakimbia," anasimulia. "Nikamnyang'anya ile pamba. Nikamwambia, huu si uchafu! Hii uliyoishika ndiyo sauti ya baba yako!"

Kinyozi hakuelewa mara moja. Alitazama pamba, akatazama santuri, akarudi kwenye pamba. Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na begi lake mapajani.

"Nilitaka iwe safi," alisema. Akarudia, "Fundi, nilitaka tu iwe safi."

Mama Sindano alikuwa bado anafoka. Alifoka kuhusu spiriti, kuhusu Jumanne, kuhusu watu wanaokataa kunakili, kuhusu binamu aliyewaleta. Alipomaliza, akaona kinyozi analia bila sauti, akamletea maji.

Ombi la kwanza la kinyozi lilikuwa dada yake asiambiwe.

"Nikamwambia, kaka yangu, santuri si yako peke yako. Namwita sasa hivi, na wewe huondoki."

Mpishi alifika jioni kabla jua halijazama, akiwa bado na aproni ya jikoni iliyolowa tumboni. Kilichotokea alikuwa ameshaambiwa kwa simu. Mama Sindano, aliyekuwa akitarajia vita, alikuwa ameondoa mezani kila kitu kinachoweza kurushwa, ikiwemo pasi. Mumewe alisimama kwenye mlango wa ndani, tayari kuamua ugomvi.

Mpishi hakumtazama mdogo wake. Aliinama juu ya santuri, akaigeuza kwanza upande wa mama yake. Ulikuwa mzima. Akaigeuza tena upande wa pili, akapitisha macho kwenye ile sehemu iliyofifia.

"Ipige," alisema.

"Mama, itaharibu sindano," fundi alimjibu.

"Sindano nitanunua. Ipige."

Kwa mara ya kwanza tangu santuri ifike pale, mpishi alikuwa anaomba upande ule. Mama Sindano akazungusha hendeli. Kwa sababu spiriti ilianzia katikati, na santuri huanza kuimba kutoka ukingoni, mwanzo wa wimbo ulikuwa haujaguswa. Ulisikika mguu wa mzee ukigonga sakafu, kisha kodiani, kisha sauti yake katika beti mbili za kwanza, nzito kidogo, ikivuta maneno.

Kisha sindano ikafika penye spiriti. Sauti ikazama. Kilichobaki ni mvumo, kama mafuta yanayochemka kikaangoni, na sindano ikaanza kuteleza. Kinyozi aligeukia ukuta.

Mama Sindano alinyoosha mkono kuinyanyua sindano. Kabla hajaigusa, mpishi akaanza kuimba.

Aliimba amesimama, mikono ndani ya aproni, bila kumtazama mtu. Alishika palepale baba yake alipoachia.

*Kicheko chako mpenzi, chafungua madirisha,*
*Nikirudi nimechoka, mizigo yote washusha.*

Akaendelea na ubeti uliofuata, na uliofuata huo, mpaka mwisho, pamoja na ule mlio mdogo wa kodiani wa kumalizia ambao aliuigiza kwa midomo.

Springi ilikuwa imekwisha nguvu na santuri ilikuwa inajikokota.

"Umeyajuaje?" kinyozi aliuliza, bado anatazama ukuta.

"Nimeyajuaje?" Mpishi alikuwa amekasirika kwelikweli. "Nimeuchukia wimbo huu miaka hamsini, unadhani sijui maneno yake? Baba alikuwa akiupiga kila akirudi. Nikiziba masikio, nausikia. Nikienda kisimani, nakuta nauimba mwenyewe. Upande wa mama yangu ndio unaonipotea katikati, huu haujawahi kunipotea hata neno!"

Alivuta benchi, akakaa. Alikaa kwenye benchi lilelile la kinyozi, ingawa mwisho kabisa.

"Na mama mdogo alikuwa anacheka kweli," aliongeza kwa sauti ya chini. "Baba hakudanganya. Kicheko chake kilikuwa kinavuka uwanja mpaka kwetu. Mama alikuwa akikisikia anaacha kufua, na yeye anatabasamu. Mimi ndiye nilikuwa namkasirikia."

Mama Sindano anasema neno lililomshtua si lile la kicheko. Miezi yote ile, mpishi alikuwa akimtaja mke wa pili wa baba yake kama "yule" au "yule mwanamke". Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema "mama mdogo".

Kinyozi naye alisikia. Aligeuka, akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Dada, nakuomba uimbe tena. Polepole."

"Usinizoee," mpishi alijibu. Kisha akaimba tena.

Safari hii fundi hakuomba ruhusa ya mtu. Aliweka kinasa sauti mbele ya pembe, akafunga sindano mpya, akakaza springi mpaka mwisho. Walipogundua, alishawasha. Katika nakala hiyo, ambayo mwandishi amesikilizishwa, mzee anaanza, anaimba beti zake mbili, unaingia mvumo, kisha inatokea sauti ya mwanamke mtu mzima ikiendelea palipokatika. Karibu na mwisho unasikika mlango wa ndani. Ni mumewe Mama Sindano akiondoka kwenda kupenga kamasi.

Baada ya hapo waligeuza santuri na kuunakili upande wa mama mkubwa. Kinyozi aliusikiliza mpaka ukaisha, ndipo akasema hajawahi kuusikia tangu utotoni, na kwamba alikuwa amesahau jinsi baba yao alivyoitaja mikono ile kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Msomaji anaweza kudhani kuanzia hapo Mama Sindano amepumzika. Mwandishi anapomuuliza hivyo, anatupa bisibisi mezani.

"Nimepumzika wapi? Zamani walikuwa wananisumbua mmoja mmoja. Sasa wanakuja pamoja!"

Wanakuja Jumamosi, wote wawili. Kinyozi anadai dada yake amebadilisha neno katika ubeti wa nne. Dada anadai mdogo wake alikuwa ananyonya wakati wimbo unapigwa, kwa hiyo asimfundishe. Kinyozi ameanza kujifunza kuimba sehemu ile, na kwa maelezo ya fundi, sauti yake ni adhabu kwa jirani. Mpishi amewaleta wajukuu. Mmoja ameingiza mwanasesere ndani ya pembe na kazi ya kumtoa ilichukua nusu saa.

Hata hivyo kuna jambo limebadilika katika karakana. Mama Sindano hapokei tena santuri ya kutunza kama mwenyewe hakubali inakiliwe siku hiyohiyo, hata alie. Chupa yoyote inaachwa nje ya mlango. Na ameanza kufanya kitu ambacho kwa miaka yote hakukifanya: haisubiri tena santuri imfuate, anaitafuta.

Hesabu yake ni rahisi. Santuri ya mzee wa kodiani haikutoka moja tu duniani. Zilitoka nakala, zikauzwa, zikaingia majumbani mwa watu. Nyingi zimevunjika, lakini huenda moja imelala mahali chini ya magunia, ikiwa na wimbo wote mpaka mwisho.

"Naitaka ile," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake imepoa. "Na si hiyo tu. Nikipita nyumba kwa nyumba nikiulizia hiyo moja, nitaziona na za wengine kabla hazijafanywa vifuniko vya mitungi. Mwaka huu nataka nizunguke mtaa huu wote na ule wa ng'ambo ya reli. Mume wangu anaendesha, na akitaka kitanda chake kirudi, atanijengea chumba cha santuri nyuma ya nyumba."

"Nimeshachimba msingi," mumewe anaita kutoka uani.

Leo ni Jumamosi, na saa za chakula cha mchana zimepita. Mtu mmoja upande wa pili wa reli amemtumia ujumbe kwamba stoo ya marehemu babu yake ina kreti mbili za santuri, na kwamba mmoja wa waimbaji ameshika kodiani kwenye picha ya bahasha. Inaweza kuwa siyo. Mama Sindano amewaonya hivyo mara kadhaa mpishi na kinyozi, waliokwisha fika na kusimama nje ya karakana wakiwa wamevaa nguo za kutokea.

Anafunga dirisha, anatundika kufuli, anampa kinyozi sanduku la gramafoni na mpishi mfuko wa vitambaa. "Mtakwenda na mimi, lakini sitaki maneno njiani," anawaambia. "Mkibishana, nawashusha."

Wanaitikia wote wawili, vizuri, kama wanafunzi. Gari halijafika hata kwenye kona, na kupitia dirisha lililo wazi anasikika mpishi akimwambia mdogo wake kwamba ile pua anayojivunia si ya baba, ya baba anayo yeye.